Makofi ya Gatini

Dada Colleen mpendwa,

Sisi wazima. Tess ameungua pua kwa jua, na aiskrimu ya nazi amekula mara mbili.

Leo tulishuka kisiwani Cozumel, Meksiko. Garrett alibaki melini na karata zake, pasipoti zetu kazifungia kama kawaida. Nikafanya ulivyoniambia: nisirudi, nikusubiri mjini uje utuchukue. Tulijibanza nyuma ya duka la kofia mpaka honi ya mwisho ikalia. Ndipo Tess akaiona meli.

“Baba anatuacha!” Akachomoka mbio kuelekea gatini, mimi nyuma yake.

Abiria hupenda kuwashangilia wanaochelewa. Sitaha zote zilijaa watu wakipiga makofi: “Kaza mwendo, mama! Usipoangalia utaogelea mpaka kwenu!” Hakuna aliyejua kwamba namkimbilia mtoto nimzuie, siikimbilii meli. Tess aliingia melini kabla sijamshika.

Garrett alitupokea akicheka. “Ulidhani unakwenda wapi, mpenzi?” Alama za vidole vyake bado zipo mkononi mwangu.

Usijibu hapa, simu hii nimeazima kwa mama wa chumba cha jirani. Jumapili asubuhi meli inarudi bandarini kwetu, Galveston. Nisubiri langoni. Safari hii Tess nitambeba.

Mdogo wako,
Marnie