Shimo la Joto Kando ya Ua wa Lennart

Spånga, Stockholm

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, Mama, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka aliniambia siku hizi unatembea mwenyewe hadi kanisani bila kushikwa mkono, nikafurahi sana. Na Baba je, kile kikohozi cha kipupwe kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Neema anakua, viatu vya mwaka jana havimwingii tena, na Baba Neema bado anaendesha basi, wiki moja asubuhi, wiki nyingine jioni.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Lakini ile Jumapili uliponiuliza, "Hiyo mitambo inayotoboa uwanja wenu ni ya nini, mnatafuta dhahabu?" mtandao ulikatika nikiwa ndiyo kwanza nacheka. Habari yenyewe ni ndefu, na nataka uipate yote.

Nyumba yetu unaijua kwa picha, ile ya mbao yenye rangi ya njano. Tulipohamia kutoka ghorofa la kupanga kule Farsta, tulikuta chumba cha chini ya ardhi kina tanuri kubwa la chuma linalochoma mafuta. Ndilo lililokuwa likichemsha maji yanayozunguka kwenye mabomba na kuingia katika vyuma vilivyoko chini ya madirisha, nasi tunaviita rejeta, kama ya gari. Lilikuwa likinguruma na kunuka, lakini joto lilikuwepo.

Baridi kali ya kwanza ilipoingia, tanuri likafa. Tuliamka tukaona pumzi zetu chumbani. Fundi aliyekuja alilifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri kilichokatika hakitengenezwi tena popote. "Hili limeshafanya kazi yake," akasema. "Tafuteni kitu kingine."

Mama, sisi watu wa Njombe tunajijua kwa baridi, lakini ile ya kwetu unaota moto ukiwa na blanketi na chai, kisha saa nne jua linatoka. Ya huku haitoki. Tukahamia wote watatu chumba kimoja na hita ndogo za umeme. Ukiwasha hita na birika kwa pamoja, umeme unakatika nyumba nzima. Neema akaanza kulala na kofia. Namuuliza kwa Kiswahili kama anasikia baridi, ananijibu kwa Kiswidi kuwa miguu yake haipo tena. Kisha kifua kikaanza kumbana, anakohoa hadi anashika ukuta.

Rafiki yangu Mama Furaha, Mkongo anayekaa Upplands Väsby, alituletea hita yake ya akiba. Aliingia, hakuvua koti. "Ma chère," akasema, "muko munaishi ndani ya frigo!" Tulicheka, lakini Baba Neema hakucheka. Alipoondoka mgeni, akaniambia, "Tuiuze nyumba hii, turudi Farsta. Kule joto ni kazi ya mwenye jengo. Sisi tunajifanya watu wa nyumba, na mtoto anaumia."

Nikamwambia anipe muda hadi Krismasi. Sikuwa na hakika na nilichokuwa nikisema. Nilijua tu kwamba nilipoingia nyumba ile mara ya kwanza, nilijiona nimefika mahali.

Basi tukaanza kutafuta. Kijana mmoja wa mauzo alikuja, akapita vyumbani haraka haraka, akasema tunahitaji mtambo mkubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, na tusaini siku ileile. Baba Neema alishashika kalamu. Nikamwomba tusubiri, kwa sababu nilisikia kazini kwamba manispaa ina mshauri wa mambo ya nishati ambaye hauzi chochote.

Mshauri huyo ni mwanamke anayeitwa Malin. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mnasikia baridi wapi zaidi?" Neema akamshika mkono akamwonyesha: hapa dirishani, hapa chini ya mlango, hapa kitandani kwangu. Malin akapanda darini na tochi, akarudi na vumbi kichwani. Akatuambia kwamba kule juu kuna vumbi la mbao tu, jembamba kama godoro lililochakaa, na joto letu lote lilikuwa likipaa nje. "Kwanza zibeni," akasema. "Nyumba ikiziba vizuri, mtambo mdogo unatosha. Mkubwa kupita kiasi utakuwa unawaka na kuzima, unawaka na kuzima. Utakula umeme bure na kuchakaa mapema."

Kisha akatueleza njia zilizopo. Kuna matanuri yanayochoma vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Ni mazuri, lakini magunia lazima yabebwe na majivu yazolewe, na mgongo wangu unaujua, siku nzima nainua wazee kitandani. Kuna mashine inayochota joto kutoka kwenye hewa ya nje, ila siku za baridi kali, ndizo unazolitaka joto, nayo inahema. Na kuna ya tatu, ya joto la ardhini. Hapo wanatoboa mwamba kwenda chini sana, kama kile kisima cha bomba pale shuleni kwetu, ila hakuna anayeteka maji. Wanashusha bomba lenye maji yasiyoganda, linakwenda chini na kupanda juu likiwa na joto kidogo. Mashine iliyoko ndani inalikusanya hilo joto kidogo na kulikuza hadi litoshe nyumba. Umeme unaotumika ni mdogo, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na ardhi yenyewe.

"Lakini chini kuna barafu," akasema Baba Neema.

"Juu ndiyo kuna barafu," Malin akajibu. "Chini huko hakujui kama ni Januari au Julai."

Hilo lilimwingia. Nilimwona alivyotazama sakafu, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni chini ya nyumba yake. Tukachagua la ardhini. Wiki hiyohiyo tukaziba dari sisi wenyewe, tumejifunga vitambaa puani. Malin hakutudanganya, maana hata hita zile za umeme zikaanza kufanya kazi inayoonekana.

Sasa sikiliza palipokwama. Uwanja wetu ni mwembamba. Upande mmoja yanapita mabomba ya maji machafu, kwa hiyo shimo lingeweza kukaa upande wa pili tu, karibu na ua wa jirani, na hapo jirani lazima aulizwe. Jirani yetu ni mzee Lennart. Tangu tuhamie, salamu yake ilikuwa kuinua kidevu. Alipoulizwa na manispaa, akajibu kwamba hakubali.

Baba Neema alikaa jikoni na koti lake la kazi bila kulivua. "Si unaona? Hawatutaki hapa. Hata ardhi ya chini wanatunyima."

"Hujamuuliza."

"Ameshajibu, Upendo."

Mama, nilikasirika, ila sikujua nimekasirikia nani. Nikakanda unga. Nikakaanga maandazi yenye iliki nyingi, kwa sababu Waswidi wanapenda iliki kuliko hata sisi, nikayafunika na kitambaa, nikavuka theluji hadi mlangoni kwake. 

Akafungua mlango. "Mimi ni Upendo," nikasema, "wa nyumba ya njano."

"Najua wewe ni nani. Barua yenu nimeshaijibu."

"Sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza unahofia nini."

Akanitazama, akatazama maandazi, akasogea kando. Ndani nilimwona mke wake, Ingrid, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona nje hata mara moja. Amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, mkono mmoja umelala tu. Nilielewa bila kuambiwa; wa namna ile nakaa nao kila siku kazini. Nikapiga magoti mbele yake nikamsalimia kwanza yeye, nikashika mkono wake. Ulikuwa baridi kama kijiko cha chuma kilicholala nje.

Lennart alisimama nyuma yangu. Alipoongea sauti haikuwa ile ya mlangoni. "Tangu apate kiharusi hapati joto. Nawasha tanuri hadi mwisho, bado anatetemeka. Nataka na mimi nichimbe. Lakini mkichimba ninyi pale karibu na ua, shimo lenu litanyonya joto la langu. Nimesoma. Mashimo yakikaribiana yanapoozana."

"Kwa hiyo si kwa sababu yetu."

Akaonekana haelewi. "Kwa sababu yenu namna gani?"

 Nilikaa pale pale sakafuni nikimsugua Ingrid vidole, nikasikia kitu kizito kinaniondoka mabegani. Nilimpigia Malin simu nikiwa humohumo ndani, nikaweka sauti ya nje ili Lennart asikie. Malin akasema yuko sahihi kuhofia, lakini shimo si lazima liende wima. Linaweza kuanza karibu na ua kisha likainamishwa kwenda upande wetu, na la kwake likainamishwa kwenda kwake, hivyo kule chini kwenye joto yakaachana mbali kabisa.

"Mbona hakuna aliyeniambia hivyo?" Lennart akauliza.

Siku iliyofuata nilitazama dirishani nikamwona Baba Neema na Lennart wako kwenye theluji na kamba, mmoja ameshika huku, mwingine kule, wanaonyeshana kwa mikono jinsi mashimo yatakavyoinama. Baba Neema akarudi ndani mashavu yamekakamaa kwa baridi. "Kumbe ni mtu tu," akasema, na akaomba chai. Habari ya kuuza nyumba haikurudi tena.

Ndiyo hiyo mitambo uliyoiona, Mama. Ilitoboa kwa kelele hadi vikombe vikatembea kabatini, tope la kijivu likafunika theluji yote, na Neema akawa anahadithia shuleni kwamba kwao wanachimba hadi Tanzania. Tanuri la zamani lilikatwa vipande vipande na kutolewa. Mahali pake kikawekwa kitu cheupe, kirefu kama friji, hakinuki, sauti yake ni kama mtu anayesoma kimoyomoyo.

Siku kilipowashwa, Baba Neema akashika rejeta, akashtuka. "Mbona ni vuguvugu? Tumeuziwa kitu kibovu!" Fundi akacheka, akamwambia huu si moto wa kuota, asitafute kuungua, aende kazini tu. Alipotoka zamu akakuta Neema anacheza sakafuni kwenye kona ya dirishani, ile tuliyokuwa hatuikanyagi. Kofia iko kwenye msumari. Siku chache baadaye kile kikohozi kikalegea, na sasa analala usiku mzima.

Zamu ya Lennart kuchimbiwa haijafika, mafundi wana kazi nyingi hadi majira ya kuchipua. Nikamwambia asimweke mama wa watu kwenye baridi wakati sisi tuna joto. Alikataa kwa adabu, kama wanavyofanya wao. Baba Neema hakuzunguka. Alikwenda, akakishika kiti cha magurudumu cha Ingrid, akasema, "Chai iko tayari," wakaja.

Sasa wanakuja karibu kila alasiri. Jumamosi iliyopita nilikuwa napika, Neema anamsomea Ingrid kitabu chake cha shule, Lennart na Baba Neema wanabishana kuhusu mpira. Nikaona Ingrid anahangaika na mkono wake ule mzima, anavuta kitu shingoni. Nikadhani amebanwa, nikaacha mwiko nikamkimbilia. Alikuwa anafungua vifungo vya sweta.  Hakuna aliyemsaidia, sijui kwa nini, sote tulisimama tu tukimtazama, kifungo kimoja, kisha kingine, hadi likamtoka begani. Akalisukuma kando, akarudisha uso kwa Neema ili asomewe. Lennart akaliokota, akalikunja, akalikunja tena, akakaa nalo mapajani hadi walipoondoka.

Nisalimie Baba, mwambie mkwe wake amekuwa bingwa wa kueleza joto linavyotoka chini ya mwamba, ajiandae kusikia yote. Msalimie Kaka mkubwa na miche yake ya parachichi, na Wifi aliyejifungua, namtumia mtoto wake soksi za sufu. Mama mdogo Tulakela mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili, na Shangazi wa Makambako umwambie sijamsahau.

Nakuacha hapa, Mama, maana mlango unagongwa na najua ni nani.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Upendo, Mama Neema