Dagaa na Matobolwa Ndani ya Mkate

Jumamosi jioni

Eti alifundishwa na mpishi wa Ufaransa! Neema, rafiki yangu tangu sekondari, anawaambia wateja hivyo bila kupepesa macho, na mimi nimekaa pale pale.

Mkate, dagaa wa ziwani kutoka Kamanga, wa kukaanga, na matobolwa katikati. Viazi vikavu vya mama yangu, jamani! Chakula hiki tulikibuni wenyewe bwenini Misungwi, tukila ndani ya blanketi ili matroni asisikie harufu. Aliisikia. Tulifagia uwanja wiki nzima.

Leo, kwenye mgahawa wake mpya wa Buswelu, kinaitwa sandwichi na kimechomekwa kijiti. Mama mmoja alifumba macho, akasema, "Unaisikia Ufaransa kabisa." Nikanywa maji haraka, nisije nikamwambia anachosikia ni Kamanga.

Nilikuwa nimeshajiandaa kumuumbua Neema. Ndipo akaniletea yangu. Kingo za mkate alikuwa amezikata bila kuniuliza, anazitafuna mwenyewe huku amesimama, kama bwenini, maana mimi kingo sijawahi kuzila.

"Ikoje, dada?" yule mama akaniuliza.

"Ufaransa tupu," nikamjibu, mdomo umejaa.