Paa la Nyumba ya Baba

Bagara,
Babati, Manyara.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa wifi yangu Benadetha,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mnaendeleaje huko Songea? Mguu wa shemeji Edward umepona, au bado anasingizia mguu akitumwa dukani? Sisi ni wazima, ila vumbi la mwezi huu limetukausha midomo. Baba ni mzima, anakula vizuri, na kile kikohozi kimemwacha.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu za nyumba hii unazijua. Ukipiga tu, Baba anataka iwekwe sauti kubwa na yeye asikie, na haya ninayokuandikia yanamhusu yeye.

Unakumbuka tulipomaliza mafunzo ya umeme wa jua, wanawake watano. Kikundi chetu kiliahidiwa kazi ya kufunga taa kwenye shule mbili za vijijini, kwa sharti kwamba kila mmoja wetu kwanza afunge mtambo kwa mkono wake mwenyewe, kwenye nyumba anayoishi, na mkaguzi auone. Wenzangu wanne walimaliza mapema. Nikabaki mimi.

Wewe ni binti yake, unajua alivyo. Kwake yeye, mkamwana kupanda juu ya paa wakati baba mkwe yuko chini ya paa hilo ni sawa na kumkanyaga kichwani. Hakunigombeza. Alisema hapana mara moja, kwa upole, akaendelea kumenya muwa wake. Salvatory nilimpigia huko Kiteto alikokwenda kulima, akasema niyamalize mwenyewe na baba yake. Kaka yako kwa kukwepa hajambo.

Na wewe ukanitumia ujumbe kwamba niache, nisimvunjie mzee heshima. Wifi, sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Mafundi wa kiume wanapanda paa lolote katika mji huu na hakuna anayewauliza chini amelala nani. Mimi nimejifunza kazi ileile, na nilikuwa naiona inaniponyoka kwa sababu nimeolewa.

Mkaguzi alipotangaza kuja Ijumaa ya jana, niliwaambia wenzangu waendelee wanne. Faudhia, yule mwenye duka la vitenge karibu na stendi, akasema hawaendi popote bila mimi. Jumapili alikuja mwenyewe kumwona Baba, na mkate wa kumimina mkononi. Baba akamwambia, "Mwanangu, ukipanda wewe sina neno. Huyu ni mke wa mwanangu." Faudhia akamjibu, "Nikipanda mimi, baba, cheti kitakuwa changu. Mkamwana wako atabaki kunishikia ngazi." Baba alikula mkate wote.

Jumatatu jioni, nikiwa nampelekea maji ya kunawa, akaniambia, "Kesho nakwenda Dongobesh kwa kaka yangu. Nitarudi Alhamisi. Ngazi iko nyuma ya zizi." Basi. Nilisimama na lile birika mpaka akaniuliza kama nanawisha ukuta.

Jumanne nilitandaza nyaya za ndani na kuweka betri. Jumatano nikavaa suruali, nikapanda, Faudhia akawa ananipandishia vitu. Paneli inatakiwa iangalie kaskazini, na kila skrubu inayotoboa bati inawekewa mpira ili mvua isipite. Kazi hiyo haitaki haraka. Saa sita mchana nilikuwa nimebakiza skrubu mbili nilipomwona Baba anashuka kwenye pikipiki pale njiani. Kumbe kaka yake alikuwa amepelekwa hospitali Haydom, hakumkuta.

Wifi, nilishikwa na woga nikakosa hata pa kuweka spana. Kushuka nilishindwa, maana paneli ilikuwa imeshikwa upande mmoja tu. Nikasubiri aniite.

Hakuita. Alikwenda kukaa kwenye jiwe kando ya uzio wa jirani, juani, kofia magotini, akitazama upande wa barabara. Mama Brigita akatoka kumwuliza kwa nini haingii kwake akapumzika, na jua lenyewe lile. Alimjibu kwa sauti ya kawaida, nikasikia kila neno: "Nitaingiaje, na fundi wangu bado yuko juu?"

Nililia kule juu, sikufichi. Nikakaza zile skrubu mbili huku sizioni vizuri. Aliingia nilipokwisha kushuka na kuvaa kitenge changu, akaomba chakula.

Jana mkaguzi alinipitisha, na shule ya kwanza tunaanza Jumatatu, sote watano. Ukipiga simu, nakuomba usimsifu wala usimtanie kwa hili. Muulize tu kama taa inafika hadi jikoni, umwache akueleze mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama Brigita anakusalimu, na Faudhia pia, ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, na hasira zimekwisha,

Hilaria