Salamu za Ntinyari

S.L.P. 61,
Timau.
13 Julai, 1997.

Mpendwa mdogo wangu Muthomi,

Habari za Kisumu? Joto la huko limekuzoea, au bado mnapimana nguvu? Huku Mama anatembea tena, goti limepoa. Ninalo jambo la kukuomba kuhusu dada yetu Ntinyari, lakini acha kwanza nipumue. Asubuhi hii Mlima ulijitokeza wote, mweupe, kisha ukungu ukaufunika, nami nikabaki nimesimama shambani kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Siku hizi natembea sana. Sisi wahudumu wa afya wa kijiji tulifundishwa wiki nzima kule Nyeri: kumwosha mgonjwa, kumgeuza kitandani, kuwaeleza vijana habari za kondomu bila kutazama chini. Hilo la mwisho bado linanitoa jasho. Tukapewa mkoba wa buluu wenye glavu na sabuni. Watu waliujua upesi. Nyumba niliyoingia nao, kufika jioni imeshaitwa nyumba ya Ukimwi. Basi nikaamua kuingia kila nyumba, hata kwa wazima, nipime joto la mtoto, nimsalimie nyanya, mpaka mkoba wenyewe uwachoshe macho. Nikipita kando ya ngano upepo ukivuma, naona kama ninaelea, na miguu si yangu.

Nyumba ya mwisho ni yetu. Tangu Ntinyari aache kazi ya hoteli Nanyuki na kurudi nyumbani, ni mimi ninayemwosha. Amekuwa mwepesi, Muthomi, namwinua peke yangu. Dawa ya kumponya hatuna. Tuna maji ya vuguvugu, na tunakula sahani moja.

Sasa la moyoni. Barua yako ya Mei nilimsomea. Ulimsalimu Mama, ukamsalimu mjomba Kiogora, ukamsalimu hata karani wa maziwa. Yeye alifumba macho akingoja. Jina lake halikuwemo. Nikalitia mwenyewe, kwa sauti ileile ya kusoma, nikasema unamkumbuka na unamwota. Alitabasamu mchana kutwa. Nilifurahi, na niliona aibu.

Jana aliomba karatasi yenyewe.

“Karwitha, hebu nionyeshe hapo ameandika jina yangu,” akasema.

Nikamwambia Mama ameifungia sandukuni. Nilidanganya, nilikuwa nayo mfukoni. Leo ameuliza tena, na macho yake bado yanasoma vizuri.

Najua unaogopa, na sikukasirikii sana. Nami niliogopa kabla ya kufundishwa. Lakini kuandika jina la mtu hakuambukizi.

Mama anakusalimu. Mjomba Kiogora anakusalimu, anauliza kama huko mnapata viazi vya maana. Ntinyari anakusalimu, na amenikumbusha mara mbili nisisahau kukuandikia hivyo.

Mungu akutangulie kila unakokwenda. Ukijibu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, na jina lake liwe juu ya bahasha.

Ni mimi dada yako, bado nakupenda,
Karwitha