Kompyuta Ambayo Hatukuigawa

Dada Zuhura,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Ungeninunia.

Baada ya arobaini tuligawa nguo zako kama ilivyo ada. Madera yalikwenda kwa shangazi wa Msimbu, viatu kwa jirani, mkoba mweusi akauchukua mwanao Salma. Ikabaki kompyuta ya dukani, na hakuna aliyethubutu kuigusa, maana nilikuwa nimekaa mbele yake kama kuku anayeatamia.

Unaijua mwenyewe ilivyo. Windows ya zamani, ile yenye picha ya kilima cha kijani, ambayo hata ulipokuwa hai mafundi waliicheka. Ukiiwasha inakoroma kwanza, halafu inaandika "Karibu" na chini yake jina lako. Dada, hilo jina ndilo lililonifunga. Kila asubuhi naondoa kanga yako uliyokuwa ukiifunika nayo isiingie vumbi, nabonyeza, nasubiri. Jina likitokea nasema "nimekaribia", kama mwehu, ndipo naanza kazi.

Kazi yenyewe ni kadi za harusi na mialiko ya maulidi tu, kwa ile programu yako yenye maua ya pembeni. Mambo ya mtandao iligoma siku nyingi. Fomu za vyuo, maombi ya ajira, kurasa hazifunguki. Zinadai mfumo umepitwa na wakati. Mimi nawaambia wateja kwamba mtandao unasumbua leo. Leo hiyo imekuwa ndefu, na wengi siku hizi wananipita wanakwenda duka la ng'ambo ya barabara. Fundi aliponishauri tubadilishe, nilimjibu maneno ambayo wewe usingeyavumilia, akaondoka hata begi hajafunga.

Sasa nikuambie kilichonikalisha hapa na kalamu. Salma amemaliza shule, amefaulu vizuri, anataka kusomea uuguzi. Wakati wa kuomba vyuo ulipofika alisema, "Usijali mamdogo, shuleni wanatusaidia." Nikashukuru, na ukweli ni kwamba nilishusha pumzi. Sikuuliza zaidi kwa sababu sikutaka kujua.

Juzi akaja mwalimu mmoja kuchukua kadi zake. Akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba alimwona Salma Kibaha, kwenye steshenari moja njia ya kwenda Tumbi, kakaa kwenye benchi anasubiri zamu ya kujaza fomu za chuo. Tumbi, dada. Hospitali tulikokutoa ukiwa umefunikwa. Mtoto aliyeapa hatakanyaga tena upande ule, ambaye akisikia Kibaha inatajwa anahama chumba. Alikwenda peke yake. Akapita mbele ya geti lile, akarudi nyumbani, akapika, tukala.

Nilimuuliza jioni ile akichambua mchicha. Hakuinua macho. Akasema, "Ningejaza fomu hapa kwenye duka la watu, Kisarawe nzima ingekusema. Na kukuambia uizime kompyuta ya mama, nilishindwa."

Nilitoka nje. Siku yako ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mwanaidi, Salma nakuachia." Kompyuta hukuitaja. Mimi nikatunza mashine, na mwanao akawa ananitunza mimi. Naona aibu, dada, aibu ya kushindwa hata kumtazama mtoto akila.

Jana nilimwita fundi, nikamwomba radhi. Yako haibebi mfumo mpya, kwa hiyo ameleta nyingine, imetumika lakini nzima. Kadi zako amezihamisha. Maua ya pembeni mengine yamekubali, mengine yamekataa, na hayo nimeyalilia bila kujificha. Halafu akauliza tuandike jina gani. Jina lako lilishanifika mdomoni. Salma alikuwa amesimama nyuma yangu, na nikajua angenyamaza hata kama ningelitaja.

Nikasema, andika Salma.

Iliwaka bila kukoroma. Karibu, Salma. Tulipofunga duka, Salma aliichukua kanga yako, akaikung'uta mlangoni, akaifunika ile mpya.

Ile yako niliizima mwenyewe. Nililiangalia jina mpaka macho yakauma, na safari hii sikulijibu.

Nisamehe. Majibu ya chuo bado, lakini akiitwa, hata kikiwa huko huko Kibaha, nitampeleka mimi. Tukifika kwenye geti la Tumbi nitamshika mkono, akitaka kulia tutasimama pale pale tulie wote, watu watutazame wakichoka waache. Hatapita pale peke yake tena. Hilo nakuahidi.

Pumzika, dada yangu. Asubuhi sitakuamsha tena.

Mdogo wako,
Mwanaidi