Damu Unayoisingizia

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Mkate nimeukata vipande vidogo, tafunia upande usiouma. Lile shati jeupe la mteja usiliguse, nimelianika uani. Doa limetoka kwa maji baridi na chumvi.

Nimesema mpaka nimechoka: mkasi upo, uzi usiukate kwa meno. Leo umeng'ata uzi, kola ikaingia damu, halafu unanicheka: “Mama, sisi wa damu ya grupu B fizi zetu ndivyo zilivyo, nimesoma kwenye simu.” Nilikwenda kumpokea mteja mlangoni, si kwamba nimekubali.

Baba, ulipopasuliwa tulipimwa nyumba nzima, na wa grupu yako nilikuwa mimi peke yangu. Damu uliyowekewa ni yangu. Mbona mimi fizi hazinitoki damu? Labda grupu nayo inachangia kidogo, sijui, mimi si daktari. Ninachojua, kila asubuhi nikisafisha bafu nakuta mswaki wangu umelowa, wako mkavu kama kijiti cha kuni.

Nimetangulia kliniki ya meno kukushikia nafasi kwenye foleni. ~~Usipokuja usiniite tena mwanao.~~ Usipokuja nitakaa hapohapo mpaka wafunge. Na daktari akiuliza mgonjwa yuko wapi, nitamwambia yuko nyumbani, anailaumu damu niliyompa.

Funga mlango wa uani. Piga mswaki kwanza, ndipo uje.

Binti yako, wa grupu B