Nilifuta Jina la Mwalimu Wakesho

Jumatatu, 3 Machi

Voi, joto. Tangu asubuhi nahamisha msimbo, yaani maandishi ya programu, kwenye simu mpya ambayo kampuni yetu itauza. Kipande kinachozuia betri kuisha simu ikiwa imelala ni cha Mwalimu Wakesho, aliyenifundisha kompyuta hapa mjini. Alikiandika bure, kwa ajili ya kiini huria, ile programu ya chini kabisa inayoendesha simu na inayojengwa na watu wa dunia nzima. Masharti yanajulikana: ukiibadilisha na kuuza, toa mabadiliko yako hadharani, na jina la mwandishi libaki.

Bosi amesema tusitoe kitu, na jina nilifute. Nimelifuta. Mstari mmoja tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Simu iko madukani. Mwalimu ameinunua, ameichunguza. Ameandika kwenye orodha ya barua pepe ya wajenzi wa kiini, ambayo kila mtu anaisoma: kazi hii naitambua, naomba mabadiliko yenu. Kwa heshima kabisa.

Nimeisoma mara tatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Kampuni imejibu hapo hapo kwenye orodha: kipande hicho kimeandikwa na mhandisi wetu, Righa. Hawakuniuliza. Sikukanusha.

Saa tano Mwalimu akapiga simu.

"Mwanangu, ni wewe uliyeandika?"

Nikasema ndiyo, nilianza upya.

"Hata lile neno nililokosea herufi, nawe ukalikosea vilevile?"

Nikakata. Nikajidai mtandao umepotea.

Jumamosi, 12 Aprili

Watu wasiomjua Mwalimu wanamwita mwongo kwenye orodha. Mmoja anauliza mwalimu wa huko milimani angejulia wapi mambo haya. Mwalimu ameacha kujibu. Mimi nasoma tu. Najichukia.

Jumapili, 13 Aprili

Nimepanda milimani hadi Wusi, kwa Mwalimu. Nimemkuta shambani kwake, ametoka ibada, bado na nguo za kanisani. Nimemwambia yote nikitazama viatu vyangu.

"Umedanganya hadharani," akasema. "Usije kutubu hapa kwenye kabeji."

Hakunikaribisha chai. Nilistahili. Nimeshuka kwa miguu kipande kirefu, sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika kwenye orodha kwa jina langu. Mistari sita. Nilichofuta, aliyeniagiza, na kwamba nilikubali bila kulazimishwa. Nimekaa nusu saa kabla ya kutuma.

Mchana nimefungiwa akaunti ya kazi. Bosi hapokei simu. Mama nimemwambia niko likizo. Uongo mwingine.

Jumatano, 16 Aprili

Mama nimemwambia ukweli. Ameuliza kama Mwalimu amenisamehe.

Alhamisi, 24 Aprili

Kampuni imetoa mabadiliko yote. Jina la Mwalimu limerudi. Samahani hawakumwomba.

Juzi nilituma marekebisho madogo kwenye kiini, yangu mwenyewe. Anayekagua sehemu hiyo ni yeye. Leo amejibu: mstari wa nne una kosa, rekebisha, tuma tena.

Ameanza na "Bwana Righa". Miaka yote ameniita mwanangu.

Nimerekebisha mstari wa nne. Nimetuma.